Umande Katika Nyumba ya Dobi

Wanaosema kwamba nyumba ya kaka yangu ina wadudu waje waniambie mimi, wasimwambie muuza mboga. Nimeishi ndani ya nyumba ile tangu niachike, nalala chumba cha pili kutoka jikoni, na wadudu niliowaona humo kwa miaka yote hiyo hawajazi kijiko. Najua uvumi ulianzia wapi na nani aliubeba. Najua pia kwa nini wifi yangu hajaukanusha hata siku moja, naye ni mtu ambaye ukimwambia shuka lake lina kivuli atakupeleka nalo dirishani ulitazame vizuri, kisha atakutaka umwombe radhi.

Sisi ni madobi. Duka liko mbele, linatazama barabara. Nyumba iko nyuma, na katikati kuna chumba cha pasi chenye dirisha kubwa linalopata jua kutwa. Kaka anapiga pasi. Mkewe anafua na kutoa madoa. Mimi nashona vifungo, nabadili zipu na kupunguza suruali za waliokonda, kisha nazipanua tena wakinenepa. Binti yao wa mwisho, ambaye sote tunamwita Kitinda, alikuwa anakaa kaunta. Kaka zake wawili walikwisha kuoa wakahamia mbali.

Wifi siwezi kusema ni mtu safi. Watu safi nawajua, tunakaa nao na tunaelewana nao. Wifi ana jambo jingine. Anafuta meza kabla ya kula, anafuta baada ya kula, na ukiinua sahani ili uongezewe mchuzi atafuta pale ilipokuwa. Nzi akipotea njia akaingia, hapati muda wa kujuta. Mbu wa mtaa mzima wanaijua nyumba ile na wanaipita kwa adabu.

Katika kazi yake hana mpinzani. Ataliangalia doa akiwa amesimama mlangoni na kukuambia hii ni chai, ina maziwa, ilimwagika juzi, na mwenye shati alijaribu kuitoa mwenyewe kwa maji ya moto akaharibu. Hakosei, wala hapindishi. Kuna bwana mmoja alileta shati akasema kola imeingia mchuzi wa nyanya. Wifi akasema si nyanya, ni rangi ya mdomo. Mke wa bwana yule alikuwa amesimama naye bega kwa bega. Walipoondoka, kaka alimuuliza mkewe kungekuwa na ubaya gani kuliita nyanya, maana vyote viwili ni vyekundu. Wifi alimtazama kana kwamba amemshauri auze watoto.

Basi wachumba wa Kitinda nao walipita mikononi mwake. Wa kwanza alikataliwa kwa sababu ya kola. Wa pili alijifutia vidole kwenye pazia, na sijui alikuwa anafikiria nini. Wa tatu hakuwa na kasoro yoyote, na wifi akasema mtu asiye na doa hata moja anaficha kitu. Kitinda alikuwa anakaribia thelathini, na kila akirudi kaunta baada ya mchumba kuondoka, alikunja nguo za wateja kwa hasira mpaka zikatoka zimenyooka kuliko za baba yake.

Wa nne alikuwa mtunza maabara wa chuo cha ualimu. Makoti yake meupe yalikuwa yanafuliwa kwetu, kwa hiyo wifi alimjua kwa madoa kabla ya kumjua kwa sura. Alisema huyu ana mikono mitulivu, kwa sababu dawa zote zilimrukia kwenye kiwiko na hakuna iliyomrukia kifuani. Kwa wifi, hiyo ilikuwa sifa kubwa. Tukaanza kupata matumaini.

Siku aliyokuja kujitambulisha alivaa shati ambalo kaka mwenyewe alikuwa amelipiga pasi. Akaamkia vizuri, akakaa pale alipoonyeshwa, akatoa mfukoni kikaratasi kilichokunjwa, akakifungua juu ya kitambaa cheupe cha meza. Ndani yake kulikuwa na vumbi jeusi, jembamba kiasi kwamba ukipumua lingeruka. Alisema, "Mama, nimekuletea zawadi ndogo," na kabla hajafika kwenye neno "ndogo," mkono wa wifi ulikuwa umekwisha kupita na kitambaa kibichi. Meza ikawa safi.

Kijana alikitazama kile kitambaa kibichi.

"Mama, samahani," alisema. "Hizo zilikuwa mbegu."

Sikumwona akikasirika, na hapo ndipo nilipoanza kumpenda. Aliomba apewe kile kitambaa na kikombe cha maji ya mvua, akakisuuza taratibu ndani ya kikombe, akayatazama maji kwenye mwanga na kusema kwamba nyingi zimepatikana. Kaka alicheka mpaka akashika meza. Tangu siku hiyo kijana yule jina lake likawa Bwana Mbegu, na wifi ndiye aliyempa.

Kisha akaeleza. Ni mbegu za mmea wa umande, alisema. Huota mahali penye maji mengi na udongo maskini usio na chakula, kwa hiyo hujitafutia chakula chake wenyewe. Majani yake yana vinywele, na kila kinywele kina tone kichwani, linang'aa kama umande, lakini linanata kama gundi. Mdudu mdogo huja akidhani amepata maji, ananasa, na jani linajikunja polepole na kumla. Alisema chumba cha pasi, kwa lile jua lake, kingeufaa sana. Angeishia hapo angekuwa ameoa mwezi uleule. Lakini akaongeza kwamba utasaidia pia kupunguza mbu na nzi.

Kitinda alifumba macho. Kaka akainuka akasema anaenda kuangalia pasi, ingawa pasi zote zilikuwa zimezimwa.

Wifi aliuliza kwa upole, na upole wa wifi ni wa kuogopwa, kama ni kweli kwamba mgeni ameingia nyumba ile kwa mara ya kwanza, amekaa kiti kimoja, na tayari ameona ina nzi. Bwana Mbegu akajitetea kwamba hakumaanisha hivyo. Kila alivyojitetea alizidi kuzama, kwa sababu aliingiza takwimu za mbu wa chuoni kwao. Mwishowe wifi akainua kiganja.

"Sikiliza, mwanangu," alisema. "Siku mmea wako utakapokamata mdudu ndani ya nyumba hii, siku hiyo njoo uniombe binti yangu. Maana nitakuwa mchafu kama wengine, na mchafu hachagui mkwe."

Mtu mwingine angecheka, au angeomba msamaha na kurudi wiki ya pili na kitenge. Bwana Mbegu alikuwa mtu wa maabara. Alilipima lile jambo, akaona ni jaribio la haki, akasema, "Sawa, mama."

Basi tukaanza kilimo. Udongo mweusi wa kinamasi alileta yeye, na mchanga ulitakiwa uoshwe sana usibaki na chumvi. Wifi aliposikia neno "uoshwe" alisahau kwamba ni adui wa mradi, akaunyakua. Aliurudisha mweupe, unanukia sabuni. Bwana Mbegu akaeleza kwa heshima kwamba sabuni itaua mbegu. Wifi akaenda kuuosha tena bila sabuni, akiapa kwamba hajawahi kuona kiumbe anayedhurika na sabuni, na kwamba kiumbe wa namna hiyo ana lake jambo.

Tulichanganya udongo na mchanga kwenye bakuli la plastiki lililotobolewa chini, tukalisimamisha ndani ya sinia lenye maji. Yale maji ya kikombe yenye mbegu tukayamwaga juu, bila kuzifukia, kwa sababu mbegu zile zinataka mwanga. Juu tukafunika kwa ile nailoni inayofunikia suti zilizopigwa pasi. Maji ya bomba yalikatazwa kabisa. Mvua ilipokosekana tulitumia yale maji ya dukani yasiyo na chumvi ambayo kaka hutia kwenye pasi ya mvuke ili isizibe. Kaka alikuwa anagawa maji yake, nusu kwa pasi, nusu kwa mbegu, na akawa anaongea na vyote viwili.

Wiki zikapita, bakuli likabaki tope tupu. Wifi alikuwa akipita na kikapu cha nguo na kuuliza kama jioni aongeze sahani kwa ajili ya Mlaji. Wateja nao wakalizoea jina. Mlaji hajambo? Mlaji kaamka? Kitinda alijibu kwamba Mlaji amelala, huku akitazama barabara kuona kama makoti meupe yanakuja.

Kaka ndiye aliyeziona kwanza, kwa miwani yake ya kuangalia mkunjo wa suruali. Vitone vya kijani, vidogo kuliko ncha ya pini. Alituita sote, na mteja mmoja akaingia pia, hatukujua ni nani. Wifi alitazama akasema ni ukungu, akataka siki. Tulimzuia sisi watatu pamoja na yule mteja. Jioni Bwana Mbegu akaja na kioo cha kukuzia, akatazama kwa muda mrefu, kisha akamtazama Kitinda, na wote wawili wakacheka bila sababu yoyote ya maana. Kioo alituachia.

Sasa nasema ukweli, mmea ule ni wa kumfunza subira hata jiwe. Miezi ilipita. Nilishona sare za kwaya nzima, zikavaliwa, zikachakaa, zikarudi kuwekwa viraka, na miche bado ilikuwa sawa na kifungo cha shati. Ilikuwa na majani, ndiyo, yamejipanga duara, yana vinywele vyake. Lakini umande haukuwepo. Majani yalikuwa makavu, ya kijani kibichi, hayana hata tone. Bwana Mbegu alikuja akasogeza bakuli karibu na kioo cha dirisha. Alikuja tena akabadilisha maji, na mara nyingine akapima hewa ya chumba kwa kidude chake. Alisema kila kitu kiko sawa na hakuna kinachoeleweka. Alianza kukunja uso.

Na wakati huo ndipo uhamisho wake ulipofika. Alipelekwa chuo kingine, safari ya kutwa nzima na nusu ya kesho yake, na alitakiwa aripoti mwisho wa mwezi. Alimwomba Kitinda waende pamoja wakiwa wameoana. Kitinda alinieleza mwenyewe, tumekaa kwenye magunia ya mashuka ya hoteli, kwamba alimjibu hatatoka bila mama yake kusema ndiyo. "Mama akisema hapana, mimi nami nimesema hapana, shangazi," aliniambia. "Nitalia, lakini sitatoka." Akawa anakosea nguo. Alimpa mwalimu wa hesabu ovaroli ya fundi bomba, na yule fundi bomba akaondoka na suti akaja kuirudisha baada ya harusi ya rafiki yake.

Asubuhi moja niliamka mapema kuliko kawaida yangu kwa sababu ya pindo la gauni la mteja msumbufu. Nikaingia chumba cha pasi kimyakimya, maana kaka alikuwa bado amelala. Nikamkuta wifi ameinama dirishani. Mkono mmoja ameshika kile kioo cha kukuzia. Mwingine ameshika kijiti cha pamba cha kusafishia masikio, amekilowanisha, na anakipitisha kwenye kila jani, kinywele kwa kinywele, kwa utulivu ule anaoutumia kwenye hariri.

"Wifi," nilisema, "unafanya nini?"

"Nasafisha," alijibu bila kugeuka. "Kila siku vinaamka vimenata. Nashangaa humu ndani hakuna mwingine anayeona."

Hapo moto uliniwaka. Nilimwambia yaliyonijaa tangu aolewe katika ukoo wetu, na mengine hayakuhusu mmea kabisa. Kabati la vyombo liliingia humo, na ule mfarishi wangu alioutia maji ya kuondolea rangi mwaka ule. Nilimwambia kwamba huo umande ndio mkono wa mmea na ndio mdomo wake, na kwamba yeye kila alfajiri anamkata mikono kiumbe wa watu, kisha mchana anauliza mbona hali. Nilimwambia kwamba kama hamtaki kijana wa watu amwambie usoni, asimvizie kwa kijiti cha masikio.

Aliketi kwenye kikapu cha nguo. Uso ulimshuka mpaka nikanyamaza.

"Sikujua," alisema.

Nikamkumbusha kwamba kijana alieleza yote siku ile ya kwanza, mbele yetu sote. Akasema aliposikia neno "nzi" yote aliyoambiwa kabla yake yalifutika kichwani. Nilimwamini, na nitawaambia kwa nini. Nyumba yetu ina madumu ya dawa zinazoweza kuua msitu. Mtu mwenye nia mbaya angetia tone moja tu usiku mmoja na habari ingekwisha. Majani yale yalikuwa yamefutwa kwa miezi, kila siku, na hakuna hata moja lililovunjika. Hiyo haikuwa hujuma. Mwanamke yule haoni kitu kinachonata akakiacha, basi.

"Sasa umejua," nilimwambia. "Kesho utafuta?"

Alikizungusha kile kijiti vidoleni. Nje mtu alikuwa anafagia barabara.

"Wale wakubwa wawili walipoondoka nilijipa moyo kwamba nina huyu," alisema. "Wananipigia simu wakikumbuka. Huyu naye akienda, wifi, nitabaki na nguo za watu."

Nilimwonea huruma, na huruma ile iliniudhi, kwa sababu nilikuwa bado sijamaliza hasira yangu. Nikaenda kushona pindo. Nililishona vibaya nikalifumua.

Kesho yake hakufuta. Sikuwahi kuona mtu akiteseka namna ile. Aliacha kupitia chumba cha pasi. Akawa anabeba nguo mbichi kwa kuzunguka nje, hata mvua ikinyesha. Akilazimika kuingia, alishika mikono yake nyuma kama mzee anayekagua shamba. Siku moja nilimwona amesimama mlangoni, anatazama dirisha, vidole vinacheza vyenyewe. Nikamwita jikoni nikampa masufuria ayasugue, na yalikuwa masafi.

Na umande ukatoka. Ulianza kwenye jani moja, ukafuata mengine, matone madogo yamesimama kila moja kwenye kinywele chake, na majani yakaanza kuwa mekundu kwa lile jua. Bwana Mbegu alipoyaona alichukua kioo akayapitia jani kwa jani. Kaka alimleta mkewe akimshika kiwiko. Wifi aliinama, akatazama muda mrefu, mikono nyuma.

"Imetoka vizuri," alisema, kama anavyosema juu ya shati jeupe. Kisha akaenda zake.

Sasa mmea ulikuwa tayari, na hapakuwa na mdudu. Jamani, tulihangaika. Dunia nzima inakimbia wadudu, sisi tunawatafuta. Nilileta ndizi iliyoiva ikapitiliza, nikaificha kwenye droo yangu ya vifungo nyuma ya bobini. Wifi aliinusa akiwa uani, kuta mbili katikati, akaja moja kwa moja kwenye droo. Kaka alikwenda kwa muuza samaki na kiberiti kitupu, akarudi na nzi mzima ndani yake, akamfungulia kwenye chumba cha pasi. Nzi akaruka vizuri, akazunguka taa, akaenda kutua ukutani karibu na mlango. Wifi alikuwa anapita akimweleza Kitinda bei ya sabuni. Alivua kandambili, akapiga, akaivaa, na sentensi yake ya sabuni haikukatika. Kaka alikifunga kiberiti chake akakirudisha mfukoni. Nikamwambia asikate tamaa. Akaniambia ninyamaze.

Kitinda ndiye aliyekuja na njia nyepesi. Achukuliwe mbu aliyekufa, awekwe juu ya jani kwa kibano, na asubuhi watu wakute. Bwana Mbegu akakataa. Alisema huo utakuwa mkono wetu, hautakuwa mmea, na sharti lilikuwa mmea. Kitinda alimuuliza kama anamwoa yeye au anaoa sharti. Akajibu kwamba hawezi kuanza kwa kumdanganya mama yake, kwa sababu atakuwa mama yake pia. Jibu zuri. Nilitamani kumkumbatia na kumpiga na kifimbo cha kupimia kitambaa kwa wakati mmoja. Tukamwacha, na mwezi ukaisha.

Alikuja kuaga mchana, begi lake kubwa ameliacha mlangoni lisichafue. Kaunta alikuwepo mwalimu mkuu wa shule ya wasichana, amekuja kuchukua koti lake. Mama yule ni mteja mzuri, halalamiki, ila jambo ukimwambia kabla ya chai linafika sokoni kabla ya chakula. Kitinda alikuwa anatafuta koti lake kwenye fimbo ya kutundikia nguo na halioni, na lilikuwa mbele ya macho yake. Mlango wa kati ulikuwa wazi.

Kaka akaita kutoka dirishani. Aliita kwa sauti ambayo sijamsikia nayo tangu mtoto wake wa kwanza azaliwe. Alisema kuna kitu kwenye jani.

Tukajazana pale. Kitinda aliliacha koti. Kweli kulikuwa na kitu, cheusi, kidogo, kimepinda, kimenasa katikati ya matone, na vinywele viwili vitatu vilikuwa vimekilalia. Moyo wangu uliruka, kisha ukatua vibaya, kwa sababu nilikijua. Asubuhi ile nilikuwa nimefumua mkono wa sweta la mlinzi pale pale dirishani, sweta jeusi, linapukutika hovyo. Hata kwenye gauni langu vilikuwepo vinyuzi vingine vya aina ile. Nikatazama pembeni.

Bwana Mbegu alichukua kioo, akainama. Nilimwona mabega yakishuka. Alibaki ameinama muda mrefu kuliko ilivyohitajika, nadhani hakutaka kuinuka atutazame. Kitinda alikuwa nyuma yake ameshika meza ya pasi, na hakuna aliyehitaji kumweleza.

Wifi akanyoosha mkono, akachukua kile kioo kutoka mikononi mwa kijana. Akainama yeye.

Niwakumbushe huyu ni nani. Huyu ni mwanamke anayetofautisha mate ya mtoto na maziwa ya mtoto akiwa mlangoni. Sufu, pamba, katani, anazijua kwa kugusa akiwa amefumba macho. Kile kinyuzi hakikuhitaji kioo wala kuinama. Alikijua alipoingia chumbani, nami niliona kwenye uso wake kwamba amekijua. Alitazama jani. Akamtazama binti yake, ambaye alikuwa anatazama sakafu. Kisha akakiweka kioo chini kwa uangalifu sana.

"Ni mdudu," alisema.

Kaka alifungua mdomo. Nikamfinya.

"Mama, samahani," alianza Bwana Mbegu, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejichimbia kaburi kwa adabu, "mimi nadhani hicho ni—"

Kitinda alimkanyaga. Lakini wifi hakuhitaji msaada wa mtu. Aligeuka kidogo kuelekea mlango wa kati, kule alikokuwa amesimama mwalimu mkuu na shingo yake imerefuka, na akapandisha sauti ili kila neno lifike kaunta na livuke mpaka barabarani.

"Nasema ni mdudu. Nyumba hii ina wadudu. Nimefanya kazi ya madoa tangu hujazaliwa, mwanangu, leo wewe ndiye utakayenifundisha hiki ni nini?" Akavuta kiti kwa mguu, akakisukuma mbele yake. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekwisha kushika kitambaa. "Kaa chini uombe ulichokuja kuomba. Na uombe upesi, kabla sijakifuta."